Bendera Iliyoshikwa kwa Mikono

(Maneno ya mazungumzo kwa wasikilizaji wa Tarbaj na sehemu nyingine za Wajir)

Wasikilizaji, Tarbaj iko mbali sana na bahari. Mtu aliyezoea kupima safari kwa visima na kwa mwendo wa ngamia aweza kuuliza, habari za manowari zamhusu nini? Zamhusu, kwa sababu ni habari za watu walioshambuliwa ghafula, na za bendera, na za swali ambalo watu wa kaskazini wanalijua vema: mtu aipende nchi kwa kiasi gani, na nchi nayo imtendee nini?

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus ilikuwa imetia nanga katika bandari ya Unguja. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa haijatimiza miezi miwili. Chombo hicho kilikuwa kikuukuu, kimeshushwa majini mwaka 1897, na mitambo yake ilikuwa katika matengenezo, hivyo hakikuweza kung'oa nanga upesi. Yapata saa 11 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilitokea kutoka maficho yake katika mdomo wa mto Rufiji, ikafungua mizinga kwa mbali.

Pegasus ilikuwa na mizinga 8, na Königsberg 10. Lakini tofauti kubwa haikuwa hesabu, bali masafa. Makombora ya Wajerumani yalifika. Ya Waingereza yalianguka majini kabla ya kufika. Hata hivyo mabaharia walisimama penye mizinga yao, wakapiga mpaka mizinga ikanyamaza. Husimuliwa kwamba bendera iliangushwa mara mbili kwa makombora, na kwamba askari wa manowari waliishika juu kwa mikono yao, katikati ya moto na vyuma vilivyoruka. Watu zaidi ya 30 walikufa na wengine zaidi ya 50 wakajeruhiwa. Siku hiyo hiyo chombo kilizama. Baadhi ya waliokufa walizikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, karibu na mji, na makaburi yao yangalipo.

Ushujaa huo hauna mjadala. Mtu anayesimama mahali pake hali akijua kwamba risasi yake haimfikii adui, huyo ni shujaa, awe ni wa taifa gani. Lakini watu wa Unguja waliotazama kutoka ufukoni walikuwa na kumbukumbu nyingine ya bandari ile ile.

Tarehe 27 Agosti, 1896, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani, kwa kuwa Khalid bin Barghash alikuwa amekikalia kiti bila ya idhini yao. Katika bandari kulikuwa na chombo kimoja cha Sultani, jina lake Glasgow. Chombo hicho chenye mizinga midogo kilizijibu manowari kubwa, kikazamishwa. Mambo yote yalikwisha katika muda usiofika saa moja, na upande wa jumba watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Wale wa Glasgow nao walisimama penye mizinga isiyofaa kitu. Ikiwa wa Pegasus ni mashujaa, na hao pia ni mashujaa. Ushujaa si mali ya bendera moja.

Tena, baada ya Pegasus kuzama, mizinga yake iliopolewa ikatumiwa katika vita vya nchi kavu. Königsberg nayo iliangamizwa katika Rufiji mwezi wa Julai, 1915, na mizinga yake pia ikaopolewa ikapelekwa bara. Mzinga mmoja wa kila upande umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, kama majirani. Mizigo ya vita hiyo ilibebwa vichwani na Waafrika. Kwa hesabu ya serikali ya Kiingereza wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi. Majina ya mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, yametokana na jeshi lao. Walio wengi hawana kaburi linalojulikana. Hapo ndipo moyo wa msikilizaji unapogawanyika: huwaheshimu wafu wote, lakini huuliza kwa nini wengine waliandikwa na wengine hawakuandikwa.

Kaskazini ya Kenya swali hilo si la vitabuni. Vita vya Shifta, vilivyoanza mwaka 1963 na kutulizwa kwa mapatano ya Arusha ya mwaka 1967, viliwafanya raia wengi kutazamwa kama maadui katika nchi yao. Mwezi wa Februari, 1984, watu walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakauawa na askari wa serikali. Serikali ilisema waliokufa ni 57; walionusurika wakasema ni mamia mengi, hata maelfu. Mwezi wa Machi, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi mbele ya Bunge kwa maovu yaliyopita.

Mwaka huo huo, tarehe 21 Desemba, basi lililokuwa likienda Mandera lilishambuliwa ghafula karibu na El Wak, katika barabara ipitayo Wajir na Tarbaj. Washambuliaji walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla, wasafiri 28 walikuwa wameuawa katika basi jingine kwa kutengwa namna hiyo. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao nguo za kujifunika, na wasafiri wakasema wauawe wote au waachwe wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi wa Januari, 2016, na taifa likampa nishani.

Katika basi lile hapakuwa na mzinga wala bendera. Walichoshika watu wale ni wenzao. Hawakungoja nchi ilipe kwanza deni lake la zamani ndipo wamlinde jirani. Wala kitendo chao hakikulifuta deni hilo. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Raia ana haki ya kudai kwamba wafu wake wahesabiwe na kutajwa kwa majina, na anapodai hivyo haipungukii nchi mapenzi. Na nchi inayotaka bendera yake ishikwe kwa mikono siku ya hatari, yapasa iwashike watu wake siku za amani.