Maji ya Mgodi wa Shaba
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Leo twataka kuongea juu ya maji. Wako watakaosema, "Maji ni shauri la serikali, sisi tuzungumze mshahara." Lakini mshahara wa mtu anywaye maji mabaya huishia hospitali.

Wengi wenu mwajua Kilembe, huko Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na shaba ikachimbwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Iliyeyushwa Jinja, ikapita kwetu kwa gari la moshi mpaka Mombasa. Faida ilikwenda ng'ambo. Makapi yalibaki kando ya mto Nyamwamba.

Sikilizeni jinsi mambo yanavyokwenda. Mawe ya shaba yana salfa ndani yake. Yakikaa chini ya ardhi hayana neno. Yakisagwa na kurundikwa nje, hewa na mvua huigeuza salfa hiyo kuwa asidi, namna ile ile iliyo katika betri ya motokaa. Asidi huyeyusha shaba, kobalti na chuma kutoka katika rundo, na vyote huteremka mtoni. Chuma huyapa maji rangi ya kutu, lakini shaba iliyoyeyuka yaweza kuwamo na jicho lisiione, wala haiondoki kwa kuchemsha. Kiasi kisichomdhuru mtu huweza kumwua samaki, maana huharibu matamvua anayopumulia. Tena mgodi ukifungwa, sisi twaachishwa kazi, asidi haiachishwi. Mwaka 2013, na tena 2020, Nyamwamba ulifurika na kuyazoa makapi ya zamani.

Dawa yajulikana: chokaa ya kuvunja ukali wa asidi, mabwawa ya kutuamisha madini, na kuta zinazokaguliwa. Huko Zambia, karibu na Chambishi, ukuta wa bwawa la makapi ulibomoka Februari 2025. Asidi iliingia mto Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji.

Wala si mambo ya wengine tu. Macalder, huko Migori, palikuwa na mgodi wetu wa shaba na dhahabu, uliofungwa mwaka 1966.

Kwa hiyo twataka kila mkataba wa machimboni uagize maji yapimwe, juu ya mgodi na chini yake, na matokeo yabandikwe langoni kwa Kiswahili. Anayefanya kazi kwenye mabwawa na akaona ukuta unavuja, amwambie katibu wa tawi siku ile ile. Jina lake halitatajwa.