Dawa za Presha Zinazotuliza Moyo Zisikatizwe Ghafla

Miongoni mwa dawa za shinikizo la damu zimo atenololi, propranololi na kavediloli. Hizi huzuia homoni ya adrenalini isiuchochee moyo, hivyo mapigo hupungua kasi na presha hushuka.

Hatari kubwa huja pale zinapoachwa ghafla. Mgonjwa hupimwa, akaambiwa presha imeshuka, akadhani amepona. Au vidonge humwishia siku ya mnada, akaahirisha kwenda kituoni hadi wiki ijayo. Moyo uliozoea kutulizwa huanza tena kwenda mbio, presha hupanda, kifua huuma, na mwenye ugonjwa wa moyo aweza kupata shambulio. Hata daktari akiamua kuiondoa dawa, huipunguza kidogo kidogo. Basi mgonjwa arudi kituoni vidonge vingalipo. Akisahau kimoja, asimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Lipo pia suala la majirani kugawiana vidonge, wema ambao huweza kuua. Mwenye pumu akimeza propranololi, njia zake za hewa zaweza kubana. Mwenye kisukari naye, sukari ikishuka, huenda asihisi mtetemo wala moyo kwenda mbio. Jasho la ghafla asilipuuze.

Anayepata kizunguzungu kila ainukapo, au mapigo yake kupungua chini ya 50 kwa dakika, amwone mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, akiwa na vidonge vyake vyote mkononi. Anayezimia au kubanwa na pumzi akimbizwe kituoni mara moja.