Wimbo Una Mwenyewe



Wapendwa wasikilizaji, katika Sherehe hii ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, Mama Kanisa anatusomea Injili ya Luka, sura ya 1, aya ya 39 hadi 56. Humo tunamsikia Maria akimwimbia Mungu nyumbani kwa Elisabeti, wimbo ambao Kanisa huuimba kila siku katika Masifu ya Jioni. Lakini kabla ya Maria, mama mwingine aliimba karibu vivyo hivyo. Huyo ni Hana, mamaye Samweli. Baada ya kudharauliwa kwa ajili ya utasa wake, alimshukuru Mungu anayewainua wanyonge na kuwashibisha wenye njaa. Maria aliyapokea mawazo hayo ya kale, akayaimba upya kwa furaha yake mwenyewe.

Je, tuseme Maria aliiba? Hasha! Alirithi sala ya taifa lake. Wala Kanisa halikumficha Hana. Tarehe 22 Desemba, katika Misa, wimbo wa Hana huimbwa baada ya somo, kisha Injili hutusomea wimbo wa Maria. Mrithi na aliyemtangulia husikika pamoja, kila mmoja kwa jina lake.

Jambo hili linatufaa sana, maana tunapenda kubishana juu ya nyimbo. Wimbo wa zamani ukipigwa redioni, mmoja husema aliyeuimba kwanza ni fulani. Mwingine hukataa katakata. Chukueni wimbo “Malaika”. Fadhili William wa Kenya aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika sahani yao ya mwaka 1965, na kundi la Boney M. likauimba mwaka 1981. Hata hivyo, wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi hasa ni Adam Salim wa Tanzania. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na ubishi haujaisha.

Wengine watasema huo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Kweli, tukibishana ili tuonekane wajuzi tu, twapoteza muda. Lakini nyuma ya swali la nani aliyetangulia, mara nyingi limejificha swali la haki.

Tumtazame Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, yeye na wenzake walirekodi wimbo “Mbube”, yaani “Simba”. Sahani ile ilivuka bahari hadi Marekani. Huko kundi la The Weavers liliuimba mwaka 1951, na mwaka 1961 kundi la The Tokens likauimba kwa maneno ya Kiingereza. Dunia nzima ikaucheza. Fedha nyingi zikapatikana, lakini kwa Linda kilifika kidogo mno. Alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa hata na jiwe la kumbukumbu. Ndipo mwaka 2006, baada ya kesi mahakamani, warithi wake walipofikia mapatano ya kulipwa haki yao na baba yao kutambuliwa kuwa mtunzi.

Wapendwa, walioimba baada yake hawakukosa kwa kuuimba wimbo huo. Wimbo mzuri hutembea, nao huimbwa na wengi. Kosa ni kula matunda ya shamba huku mkulima ameachwa na njaa. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 5 ya Waraka wake, anaonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio hicho humfikia Mungu. Wahenga nao walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sasa tujiulize wenyewe. Kwaya zetu huimba nyimbo za kwaya nyingine. Ni vema, maana ndivyo sifa ya Mungu inavyoenea. Lakini je, jina la mtunzi tunaliandika kwenye karatasi za nyimbo? Tunapotaka kurekodi na kuuza, je, tunamwomba ruhusa, na kumgawia chochote? Pengine mtunzi huyo ni mwalimu mstaafu kijijini, anayeshindwa kununua dawa, huku utunzi wake ukichangisha fedha za harambee parokiani. Kusema kwamba wimbo ni wa Mungu hakutuondolei Amri ya Saba.

Nanyi makatekista, imani mnayofundisha mliipokea. Mtakatifu Paulo aliwaambia Wakorinto wazi kwamba alichowapa ni kile alichopokea. Basi watajeni waliowatangulia: wazee waliotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, wakafundisha sala kwa ujira mdogo au bila ujira. Wengi wao majina yao hayamo katika historia za parokia zetu. Yaandikeni wangali wapo wanaoyakumbuka. Na kama yuko aliye hai, mtembeleeni, wala msiende mikono mitupu.

Tumwombe Bikira Maria, aliyepokea wimbo wa kale na kuuimba kwa unyenyekevu, atuombee moyo wa shukrani na moyo wa haki, ili tunapomwimbia Mungu pasiwepo mtu anayelia kwa sababu ya wimbo wetu.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.