Sanamu Iliyoamka Mwanamke

Msikilizaji wetu wa Mikindani ameona picha za hirizi za Misri ya kale zenye sura za miungu. Anauliza: je, sisi huku tulikuwa na kitu cha namna hiyo?

Ahsante, dada. Hirizi ya pwani tunaijua: maandishi ndani ya ngozi, mkononi au shingoni. Kule Misri mara nyingi sura yenyewe ndiyo iliyokuwa kinga. Taweret, mlinzi wa wajawazito, alikuwa na umbo la kiboko. Kiboko, jamani! Mvuvi wa Ruvuma akimwona hugeuza mtumbwi. Mjamzito wa Misri alimvaa shingoni.

Lakini kwa sura ya huku kwetu, mimi leo nataka mti. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka Masasi na Newala. Akaandika kisa cha asili ya Wamakonde. Palikuwa na mtu porini, huko Mahuta, peke yake, haogi wala hanyoi. Akachonga mti kwa umbo la binadamu, akausimamisha hapo kwake. Usiku sanamu ikaamka, mwanamke! Mwanamke hasa, wa kuzungumza naye.

Wakateremka Ruvuma kuoga. Mtoto akazaliwa mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, naye wa pili akazaliwa mfu. Wakapanda tena Mahuta, na wa tatu akaishi. Ndiyo maana yule baba akawakataza watoto wake kujenga mabondeni.

Tuna simu... Mzee wa Naliendele anasema hiyo ni shirki. Mzee wangu, shikamoo. Katika kisa hiki hakuna anayeisujudia sanamu, wala anayeichinjia. Sanamu inazaa. Inafiwa, inahama, inazaa tena. Kwangu mimi huyo ni mama, si mungu.

Na huyu mama wa Tandahimba anauliza: huko juu Mahuta hakukuwa na maji, nani alikuwa akishuka kuyachota? Hapo umenigusa, mama. Mabondeni kuna mbu na homa, kwa hiyo katazo lile liliwakinga watoto. Lakini kinga hiyo ililipiwa kwa shingo za wanawake, mtungi kichwani, kuteremka na kupanda, vizazi na vizazi. Weule aliandika habari za sanamu. Mtungi haumo katika kisa.

Kama bibi yako alikusimulia kisa hiki kwa namna nyingine, hasa habari za maji, tupigie sasa hivi. Laini ziko wazi.