Dagaa, Jua na Mifupa ya Watoto Wetu



Leo tuzungumze habari ya mifupa. Mifupa hujengwa kwa madini ya kalsiamu. Samaki huyavuta madini hayo kutoka majini kwa matamvua yake. Sisi je? Hatuna matamvua, lazima tuyale. Dagaa wanafaa sana, maana tunawala wazima, mifupa na yote.

Lakini kula tu hakutoshi. Kalsiamu iliyo tumboni ni kama mahindi yaliyo nje ya ghala, na ufunguo wa ghala ni vitamini D. Bila ufunguo huo, nyingi hutoka na choo. Samaki hupata vitamini D katika chakula chake, akaiweka katika maini na mafuta. Sisi huipata hasa jua linapopiga ngozi.

Ikikosekana, mifupa ya mtoto hulegea, miguu ikapinda. Ndiyo matege.

Basi tufanye nini? Tusimfungie mtoto ndani kutwa, amefunikwa gubigubi. Tumtoe nje, jua limguse mikono na miguu. Akishatimiza miezi 6, tumtwangie dagaa, tuwatie katika uji wake. Tukiona miguu inapinda, twende zahanati mapema. Mifupa michanga ikiwahiwa huweza kunyooka. Tukichelewa, kazi huwa ngumu.