Tuhesabu Saa za Binti Zetu

Mada iliyotolewa kwa wazazi na viongozi wa walei, Mtae, milima ya Usambara



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya haki katika familia. Tulipopokea mwaliko huu tulisitasita, kwani sisi si wanasheria wala si walimu wa dini. Sisi ni mume na mke, wakulima wa hapa hapa, wazazi wa watoto wanne: mvulana mmoja na wasichana watatu. Haya tutakayosema tumeyaona nyumbani kwetu, na baadhi yake yanatuaibisha. Hata hivyo, tumeona ni afadhali kuaibika mbele yenu kuliko kuwahubiria haki ambayo sisi wenyewe tulikuwa hatuitendi.

Mara nyingi tusikiapo neno "haki", fikira zetu huenda mbali: mahakamani, ofisini, kwenye migogoro ya mashamba. Huko nako yapo ya kusema. Lakini leo tunawaalika turudi karibu zaidi, tuingie jikoni, tuketi karibu na mafiga, tumtazame mtoto wa kike anayechochea moto. Tujiulize: mtoto huyu ameamka saa ngapi, na atalala saa ngapi?

1. Binti mwema

Ninyi nyote mnakijua kijiji chetu. Kimekaa juu ya mgongo wa mlima. Upande mmoja tunaitazama tambarare ya Mkomazi chini kabisa, na siku anga linapotakata twauona hata mlima Kilimanjaro. Wageni husafiri kilometa zipatazo 60 kutoka Lushoto kuja kuusifu uzuri huo. Lakini akaaye juu hufuata maji chini, na ndoo ikishajaa, njia yote ni ya kupanda. Katika miezi ya Juni na Julai, ukungu unapofunika migomba, mikono ya mteka maji hufa ganzi kabla hajafika nyumbani.

Kazi hiyo ya ndoo, kwetu kama kwenu, ilikuwa na mwenyewe: binti yetu mkubwa. Majirani walimsifu kuwa ni hodari, ana adabu, hatumwi mara mbili. Nasi tulizipokea sifa hizo kwa furaha, maana wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hatukuwahi kujiuliza sifa hizo zilimgharimu nini.

2. Mgeni kutoka mjini

Binti huyo alipotimiza miaka 13, akiwa darasa la sita, alifika nyumbani ndugu yetu wa mbali anayeishi Dar es Salaam. Alikuwa akitafuta msichana wa kazi. Alituambia kwa maneno mazuri kwamba mtoto angekula vizuri, tungetumiwa fedha kila mwezi, na baada ya miaka miwili angepelekwa kujifunza cherehani. Si siri kwamba kwa miaka mingi watu wa mijini wamekuja katika milima yetu kutafuta wasichana wa kazi. Jiko letu lilikuwa likivuja, na bei ya kabichi mwaka ule ilikuwa mbaya. Ndugu zetu, tusiwafiche: tulikuwa karibu kukubali.

Usiku ule tulizungumza jambo hilo tukidhani watoto wamelala. Binti yetu wa pili, aliyekuwa na miaka 9, alitokeza mlangoni akauliza: "Mama, dada akienda, maji atateka nani?"

Tukamjibu: "Utateka wewe."

Akanyamaza kidogo, kisha akamwonyesha mdogo wake wa miaka 5 aliyelala kwenye mkeka. "Na mimi nikienda, atateka huyu?"

Hatukuwa na jibu. Kilichotuumiza ni kwamba hata sisi, tangu mgeni alipofika, tulikuwa tumeyafikiria maji, kuni na ng'ombe. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza habari za shule ya mtoto. Wala hakuna aliyekuwa amemwuliza mwenyewe anataka nini. Asubuhi tulimwomba mgeni wetu atuvumilie, naye aliondoka akiwa amekasirika.

3. Daftari la juma moja

Baada ya hapo tulifanya jambo dogo ambalo tunawashauri nanyi mlifanye. Tulichukua daftari la shule, na kwa juma moja tukaandika kila alichofanya kila mtoto na muda aliotumia.

Binti mkubwa aliamka saa 11 alfajiri. Hadi saa 12:30 alikuwa ameteka maji, amefagia uwanja na ameosha vyombo vya jana. Saa 1 alikuwa shuleni. Alirudi saa 9:30 alasiri, akala kilichokuwapo, na kuanzia saa 10 hadi saa 12:30 alitafuta kuni au majani ya ng'ombe, akateka maji tena. Kisha hadi saa 2:30 usiku alipika na mama yake, akapakua, akaosha vyombo, akamlaza mdogo wake. Jumla ni muda wa saa 6 za kazi katika siku ya shule. Ndipo alipofungua daftari la hesabu, akasinzia juu yake. Nasi tulikuwa tukimgombeza kwa nini anashindwa hesabu!

Kaka yake, aliyemzidi miaka miwili, alifanya kazi kwa muda wa saa moja na nusu. Muda uliobaki alicheza mpira na kusoma. Si kwamba alikuwa mvivu. Hakuna aliyekuwa amemtuma.

Tuliweka pia safu ya michezo. Binti wa pili alicheza mdako pale kisimani akingoja zamu ya ndoo, kisha akachapwa kwa kuchelewa. Mdogo alijitengenezea mwanasesere wa gunzi la mahindi. Kwa mkubwa, tuliandika sifuri siku sita mfululizo. Siku ya Jumapili alicheza rede na wenzake baada ya ibada, mpaka tulipomwita akapike. Sauti iliyomwita ilikuwa yetu.

4. Kazi ya malezi na kazi ya kumaliza mtoto

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba mtoto asifanye kazi. Mtoto asiyejua kushika jembe wala kuinjika chungu atapata taabu ukubwani. Mmoja wetu, mama, alipoliona daftari lile alisema: "Hata mimi nilikua hivyo, na sikufa." Ni kweli hakufa. Lakini aliacha shule darasa la nne, na mpaka leo anasikitika. Tulikaa na maneno hayo siku kadhaa. Kwamba sisi tuliteseka si sababu ya kuwarithisha watoto mateso.

Ipo kazi inayomlea mtoto: ina kipimo, inalingana na umri wake, inamwachia nguvu za kusoma na kucheza, na wote wanaishiriki, wa kike kwa wa kiume. Na ipo kazi inayommaliza mtoto: haina mwisho, na amepewa kwa sababu tu amezaliwa msichana.

Sheria za nchi yetu nazo zimelitazama jambo hili. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1989, uliitaja haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampatie mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na katika orodha hiyo hiyo imeweka haki ya kucheza na kupumzika. Sheria hiyo inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na hata aliyefikia umri huo haruhusiwi kuajiriwa kazi za usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Yule mgeni wetu alikuwa akimtafuta mtoto wa miaka 13. Na sisi, ingawa hatukuwa waajiri, tulikuwa tukimfanyisha mtoto wetu kazi katika saa ambazo sheria imemkataza hata tajiri.

Aidha, ada ilifutwa katika shule za msingi mwaka 2002, na kwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016. Mlango umefunguliwa, lakini mtoto aliyechoka hawezi kuupita. Akishindwa mtihani, watu husema "hana akili", na mara nyingi husubiriwa na njia mbili tu: kazi za ndani mjini au kuolewa mapema. Kuhusu kuolewa, tukumbuke kwamba mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi huo.

Hata katika Injili tunamsoma binti wa Yairo, mwenye umri wa miaka 12. Alipoinuliwa, Bwana aliagiza apewe chakula. Hakumwagiza binti akawapikie waliokuwa wakimlilia.

5. Tulichobadilisha, na gharama yake

Tuligawa kazi upya mbele ya watoto wote. Maji ya asubuhi huteka kijana wetu, na maji ya jioni huteka baba. Majani ya ng'ombe hukata baba na kijana kwa zamu. Vyombo huosha kila mmoja kwa siku yake. Baada ya saa 1 usiku hakuna mtoto anayetumwa. Taa ni ya kusomea. Jumamosi alasiri ni ya michezo.

Tulitazama pia namna ya kupunguza kazi yenyewe. Wengi wenu mnaukumbuka mradi wa hifadhi ya udongo wa SECAP, ulioanza wilayani Lushoto mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani. Ulihimiza kupanda miti na majani ya malisho kwenye makinga maji ya mashamba, na kufuga ng'ombe zizini. Watu huyasifu majani ya gwatemala kwa kuzuia mmomonyoko. Sisi tuliyapanda upya karibu na nyumba pamoja na migrivea, na tukagundua kwamba kilichookolewa si udongo peke yake. Majani na kuni vikiwa karibu, mtoto hurudishiwa sehemu ya jioni yake.

Gharama ilikuwapo. Palizi ya mahindi ilichelewa msimu ule, na jiko liliendelea kuvuja mwaka mzima. Kijana wetu alinuna kwa mwezi mzima. Siku baba alipopanda kutoka kisimani na ndoo begani, watu walicheka, na mmoja alisema kwa sauti kwamba amelishwa limbwata. Kicheko hicho kilimwingia sana, hata siku mbili zilizofuata aliteka maji gizani ili asionekane. Siku ya tatu alikwenda mchana.

Binti yetu hakugeuka kuwa wa kwanza darasani. Hesabu bado zilimpa taabu. Lakini alifaulu kwenda sekondari ya kata, na sasa huuliza maswali mezani, jambo ambalo hapo awali hakuwa na nguvu ya kulifanya. Jumamosi tunamsikia akicheka uwanjani na wadogo zake. Tulikuwa tumekaa naye miaka 13 bila kukijua kicheko chake.

6. Mapendekezo kwa jumuiya zetu

Wazee wetu Wasambaa walipozungumza juu ya hali ya nchi walitumia maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi ikipona, mvua hunyesha kwa wakati na watu hushiba. Nchi ikiharibika, huja njaa na magomvi. Walijua kwamba shibe na njaa hutegemea pia namna watu wanavyotawalana. Nyumba nayo ni nchi ndogo, na sisi wazazi ndio watawala wake. Kwa hiyo basi, tunapendekeza:

(a) Kila familia iandike daftari la juma moja, na wazazi walisome pamoja na watoto wao.

(b) Mgeni anapokuja kutafuta msichana wa kazi, wazazi wasikubali peke yao. Waulize jumuiya, waulize shule, na kabla ya wote wamwulize mtoto mwenyewe.

(c) Wanaume wa jumuiya wateke maji mchana, tena wengi kwa pamoja. Anayechekwa peke yake huona haya. Wakiwa kumi, hakuna wa kuwacheka.

(d) Suala la maji tulipeleke kwenye mkutano wa kijiji tukiwa pamoja na majirani zetu Walutheri na Waislamu. Binti zao na binti zetu hupanda njia moja na ndoo zile zile.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Jana, nani alikuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwako, na nani alikuwa wa mwisho kulala?

2. Ni kazi gani nyumbani kwako amepewa mtoto kwa sababu tu ni wa kike?

3. Je, unaujua mchezo ambao binti yako anaupenda? Mara ya mwisho ulimwona akiucheza lini?

4. Ni binti gani wa jumuiya yetu yuko mjini akifanya kazi za ndani? Nani amemtembelea au kupata habari zake mwaka huu?

 Kabla hamjarudi makwenu, tunaomba jambo moja tu: jioni ya leo, binti yako atakapoinama kuichukua ndoo, mtangulie.