Eriali ya Wima na Mizizi Yake
(Hotuba kwa wapenzi wa redio wa Kakuyuni)



Mtu atakaye kuzungumza kwa redio na nchi za mbali kutoka hapa Kakuyuni, kwanza na apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kisha achague eriali.

Mwenye uwanja mdogo yamfaa eriali ya wima ya masafa mengi. Ni nguzo moja tu, nayo huyarusha mawimbi chini chini kuelekea upeoni, pande zote. Ndiyo maana husikika mbali. Kwa megahezi 14, robo ya wimbi ni kama mita 5. Kwa megahezi 7, kama mita 10. Koili zilizomo katika nguzo huiwezesha kutumika kwa masafa yote mawili.

Lakini nguzo ni nusu ya kazi. Mnazi husimama kwa mizizi, na eriali kadhalika: itandazieni waya za shaba kuizunguka, mfano wa spoki za baiskeli. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Pasipo waya hizo, nguvu nyingi huishia kuipasha ardhi moto. Waya 16 ni mwanzo mwema. Zifukieni kidogo, zisimkwaze mtu wala mbuzi.

Mwisho, hadharini na hatari. Nguzo isimamishwe mbali na nyaya za umeme, kupita urefu wake wote, ili hata ikianguka isiziguse. Na wingu la radi likianza kutanda, chomoeni waya wa eriali mashineni mapema. Mazungumzo yaweza kungoja, uhai haurudi.